Rauta Niliyojiundia kwa Mazishi ya Baba

Hii sijawahi kumwambia mtu ambaye hakuwa pale, na waliokuwa pale bado wananiangalia vibaya kanisani, kwa hivyo nisikilizeni tu, msicheke.

Baba alipofariki, dada yangu Wanjiku alikuwa Kanada na karatasi zake za kusafiri hazikuwa tayari, akalia kwa simu mpaka tukakubaliana atamuaga kwa video, kwa televisheni kubwa tutakayoweka kwa tenti pale nyumbani Lanet. Shemeji yangu Kiprono, ambaye kazi yake ni kuwawekea watu intaneti majumbani, akaniambia, "Boss, nunua rauta ndogo ya kawaida, kale kasanduku ka kugawa intaneti, na betri yake, umemaliza." Lakini mimi (nilikuwa nimesoma haya mambo wiki mbili kwa simu nikajiona injinia) nikachukua kompyuta kuukuu ya ofisini, nikaitia kadi ya pili ya kuchomekea waya wa intaneti, nikaigeuza rauta ya nyumba nzima. Nikaringa nayo. "Hii haikwami," niliwaambia.

Siku ya mazishi Wanjiku akatokea kwa skrini na kitambaa cheusi kichwani, mimi nikiwa na maiki mkononi nikimkaribisha, akasema, "Baba, ni mimi..." halafu watu wa vyombo vya sauti wakachomeka spika nyingine, stima ikapotea kidogo tu, ikarudi. Televisheni ikarudi. Wanjiku hakurudi.

Nikakimbia chumbani kwa Baba nilikoiweka ile kompyuta. Ilikuwa imewaka lakini imegoma kuendelea, ati haioni kibodi, nibonyeze kitufe, na kibodi nilikuwa nimeirudisha kazini jana yake! Nikaipiga teke. "Mjinga wewe! Si ukufe tu! Kufa kabisa!"

Nikasikia sauti yangu ikitoka nje, kwa spika zote.

Maiki ilikuwa bado mkononi.

Kiprono akaingia, akaichukua polepole, akaizima. Alijaribu kutumia simu yake, lakini na umati wote ule mtandao ulikuwa umelemewa, picha ikakataa. Kibodi ilitolewa kazini kwangu, Free Area, kwa pikipiki, na pasta hangengoja, mvua ilikuwa inakuja. Wanjiku alipotokea tena, wanaume walikuwa wanatupa udongo kwa koleo.

"Mmeshamfunika?" akauliza.

Wanaume wakaendelea kutupa udongo.

Jioni Mama, aliyekuwa ameketi mbele kabisa kando ya jeneza, akaniuliza, "Ulikuwa unamwambia nani akufe?" Nikamweleza habari ya kompyuta, nikaona haelewi.

Sasa nyumbani kuna rauta ndogo ya kawaida, ameichagua Kiprono, ameifunga Kiprono, na nimeapa siigusi hata kuipangusa vumbi. Wanjiku hajanigombeza mpaka leo, na ningefurahi anigombeze. Juzi nilimwomba anisomee yale aliyokuwa ameandika ya kumwambia Baba siku ile.

"Hayakuwa yako," akasema, akaniuliza kama Mama amekula.