Jina la Nabintu Ndani ya Disketi

Nakumbuka, mwanangu, wiki moja ya vita vile niliyogombana na kompyuta hadi nikaanza kuitilia shaka akili yangu. Juzi uliniuliza kama ni lazima uyafunge mafaili yako kwa neno la siri. Ni lazima. Lakini sikiliza kwanza upumbavu wangu.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi mtaa wa Nyalukemba katika ofisi ndogo iliyowatafutia wazazi wao watoto waliotoroka mikononi mwa wenye bunduki. Wenye bunduki nao walikuwa wanawatafuta. Kwa hiyo orodha ya watoto, pamoja na nyumba walizofichwa, niliifunga kwa neno la siri. Asiyelijua angeona vurugu tupu la herufi. Nililijua mimi peke yangu, na nilijivuna. Maman Faida, daktilo wetu, mpiga chapa wa miaka mingi, aliniomba angalau tulijue wawili. Nilimcheka. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na wangu sisikitiki sana kuona umekwenda.

Ofisi ikaporwa, kompyuta ikabebwa. Niliokoa disketi moja tu yenye nakala ya orodha, niliyoichomeka ndani ya kitabu cha nyimbo. Tukaazima kompyuta nyingine iliyotoka Uganda. Nikaandika neno langu bila kutazama vidole, kama nilivyozoea. Vikatokea vinyota vitano, halafu mashine ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Je, nimesahau? Disketi imeharibika? Kuna mtu kabadilisha neno? Sikuelewa chochote, na niliona aibu kusema.

Siku hiyohiyo akafika Maman Nsimire kutoka Luhwindja, kwa miguu, kumuulizia binti yake Nabintu. Jina nilikumbuka kwamba limo. Nyumba ndiyo sikuikumbuka. Nikatazama chini, nikamwambia arudi kesho. Kesho yake nikamwambia tena kesho. Nilidhani najipatia muda kidogo. Lakini wewe ni mtu wa hapa, unajua jinsi habari ya kifo inavyoletwa kwetu: kidogo kidogo, macho chini, njoo kesho tutaongea.

Siku ya tatu alirudi amejifunga kitambaa cha matanga. Alikuwa ametoka kwa padri kuomba misa ya wafu. Hakulia.

"Papa, unionyeshe tu kaburi," alisema. "Nirudie nyumbani."

Nikamweleza mbele ya wote kwamba mtoto tulimficha akiwa mzima, ila mimi ndiye nimeshindwa kufungua orodha. Maman Faida akavuta kiti karibu, akaniamuru niliandike neno hilo kwenye ukurasa mtupu, palipo wazi, herufi zionekane badala ya vinyota. Nikaandika amani. Kwenye kioo ikatokea q;qni.

"Vidole yako inasemaka Kifaransa," akasema. "Hii mashine inasikiaka Kingereza."

Kumbe vitufe vya mashine ile vilipangwa Kiingereza, si Kifaransa kama vya mashine yetu iliyoporwa! Nikaandika polepole, nikitafuta kila herufi kwa macho, na orodha ikafunguka. Nabintu alikuwa mtaa wa Bagira. Kabla ya saa sita tulikuwa huko. Mama yake alisimama mlangoni asiingie. Alimtaka kwanza mtoto ataje jina la bibi yake mzaa mama, ajue kwamba si mzuka. Alipolitaja, ndipo akamshika, na hapo akalia.

Njiani Maman Faida aliniambia neno moja tu: "Mutu akikuuliza mutoto yake na haujue, sema sijue. Kunyamaza yako ndiyo ilimuzika."

Basi funga, mwanangu, lakini si kwa neno kama amani, ambalo wakati wa vita kila mtu analo mdomoni. Usilibandike mezani pia. Mwachie mmoja unayemwamini, ndani ya bahasha iliyogundishwa, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Na nakala yako ijaribu kwenye mashine ya mtu mwingine kabla hujaitegemea. Mambo ya simu zenu hizi bado yananichanganya, sitajifanya najua. Ila ukikwama, sema siku hiyohiyo kwamba umekwama. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mimi nilificha yangu, mama wa watu akaomboleza mtoto aliye hai.

Mungu akujalie mlango unaomgomea adui, na moyo wa kumfungulia upesi mama anayebisha hodi.