Neno Nililochukua kwa Baba

Harufu ya braso, ile dawa ya kung'arishia shaba, hunifukuza hadi leo. Juzi mjukuu wangu alikuwa akisugua tarumbeta ya shule, na anaipiga kuwashinda wavulana wote, mniamini. Nikashindwa kukaa. Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena.

Baba yangu alikuwa askari, tukiishi chumba kimoja kwenye nyumba za polisi, Nsambya. Jioni alisugua vifungo vyake kwa braso huku akinifundisha Kizungu cha ripoti. Neno alilolipenda ni "observe".

"Kuona, hata mbuzi anaona," aliniambia. "Ku-observe ni kazi ya askari. Unamkazia macho mtu anayeficha kitu."

Mimi niliishia darasa la nne, lakini neno hilo nililimeza. Mwalimu alipotaka sentensi mbili za Kizungu, niliandika kwamba nina-observe Mama, kila siku anaficha nguo kwenye sanduku chini ya kitanda. Nikawekewa vema kubwa nyekundu. Daftari likatakiwa sahihi ya mzazi.

Mama hakujua kusoma. Aliona ile vema, akapiga vigelegele, akampelekea Baba kwa mikono yake mwenyewe.

"Baba Zamu, ona mtoto yako! Si ulisema kichwa yake ni boga?"

Baba akasoma. Akasoma tena. Aliinama, akavuta sanduku: gomesi mbili za Mama, viatu vyake, na gauni langu la njano. Mkanda wa Baba, ndugu zangu, haukufanya kazi barabarani tu. Mgongo wa Mama uliujua.

Akatoa gauni langu peke yake, akalitupa kitandani.

"Wewe nenda. Mtoto haendi."

Akatia sahihi.

Mimi nikadhani nimetolewa gauni kwa zawadi. Nikalivaa, nikazunguka chumba kizima nikicheza. Mama alinitazama, kisha akatoa nguo zake moja moja, akazirudisha kwenye misumari.

Mama aliuvumilia mkanda ule mpaka Baba alipokufa. Nilikuwa nimeshazaa ndipo nikaelewa ni nani aliyemfungia mlango. Nilitaka kumwambia. Mara ngapi nilikwenda kwake Kansanga, nikakaa, nikainuka, nikaondoka na maneno mdomoni! Na yeye, kila mgeni akiingia, alinisukuma mbele: "Huyu mnayemwona aliandika Kizungu mpaka askari akanyamaza."