Kikao Kilichofunguliwa kwa Damu

Mikono ya Cheche ilijua kuvunja kabla ya kujua kuunga. Ujanani alipakia magunia sokoni, na ugomvi ukizuka wenzake hawakuita askari, walimwita yeye. Alipiga kama mtu anayetwanga, bila hasira wala haraka, mpaka kilichokuwa kigumu kilainike. Siku moja akamvunja taya mchuuzi aliyemtukania mama yake, na jela ikampokea. Huko ndani akakutana na vitu viwili: Injili na mashine ya kuchomelea vyuma. Alitoka ameokoka, tena ana ufundi, na mtaa ukampa jina kwa sababu ya cheche zilizoruka mchana kutwa mlangoni mwa karakana yake.

Alipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa, mkewe alicheka hadi akakaa chini.

"Wewe? Basi shetani ahame mapema, asije akang'olewa meno."

Wazee wa kanisa walikuwa watano. Mchungaji alikuwa mtu mpole, aliyezungumza na kila mtu kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Katibu alikuwa mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Fundi cherehani alikuwa mzee mwembamba kama sindano zake, tena mwenye mzaha. Mwenyekiti alikuwa mwenye bucha, na wa tano ni Cheche. Mwenye bucha alikuwa pia shemeji yake. Ni Cheche mwenyewe aliyemwozesha dada yake, kitinda mimba wa mama yao, akasema mbele ya watu, "Nampa mzee mwenzangu. Najua ninakompeleka."

Baraza hilo lilikuwa na desturi yake. Kabla ya sala ya kufungua kikao, mwenyekiti aliuliza, "Kuna mwenye neno na mwenzake?" Kila mmoja kwa zamu yake alijibu, "Sina neno." Mpaka wote waseme hivyo, kikao hakifunguliwi. Walioanzisha jambo hilo walitaka watu wapatane kwanza ndipo waombe. Lakini ajenda zilikuwa nyingi, viti vilikuwa vigumu, na mwenye neno angewachelewesha wenzake. Basi miaka ikapita hakuna mwenye neno. Waumini wakasifu: wazee wetu wana umoja, hata chafya wanapiga pamoja.

Dada yake Cheche alikuja karakana jua likiwa utosini. Alipita katikati ya mageti kama mtu anayetembea usingizini, mkono wa kushoto ameubeba kwa mkono wa kulia kama mzigo wa mtu mwingine. Jicho moja lilikuwa limefumba. Mdomo ulikuwa umepasuka, na damu imemkaukia kidevuni.

Cheche akazima mashine, akavua kinga ya uso.

"Nani?"

"Nimeanguka bafuni, kaka."

"Bafu lenu lina vidole?"

Dada akajifunika shingo kwa mtandio, lakini alama zilikuwa zimeshaonekana. Akakaa juu ya kipande cha bomba.

"Mteja alisema nyama ya leo ina mifupa kuliko mgonjwa. Nikacheka. Nimecheka tu, kaka. Tulipofika nyumbani akachukua gongo la kufungia mlango."

"Ndiyo mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza maua ya harusi yalikuwa hayajanyauka."

Cheche akainama, akaokota nyundo, ile kubwa ya kunyooshea vyuma. Dada akanyanyuka, akasimama mlangoni na mkono wake uliovunjika.

"Pita juu yangu. Ukimuua, yeye atazikwa kwa nyimbo na wewe utaozea jela. Mimi nitakimbilia kwa nani? Nilimwambia mchungaji, akanirudisha nikavumilie. Leo nakuambia wewe. Sitaki maiti, kaka. Nataka mahali pa kulala."

Nyundo ikaanguka. Alimpeleka hospitali, akamshika bega wakati mfupa unarudishwa mahali pake, na alipopiga ukelele, Cheche aliuma ulimi wake mwenyewe mpaka akaonja damu.

Dada akalala kwake. Ijumaa ukaja ujumbe kutoka bucha: kesho kikao kikiisha, nakuja kumchukua mke wangu, na atakayesimama mlangoni akumbuke kazi yangu ni kukata. Cheche aliujua mkono wa mtu anayepiga, kwa kuwa aliwahi kuwa nao. Alijua dada yake akirudi nyumba ile, atakayetoka tena atakuwa amebebwa.

Jumamosi alasiri wakakaa katika ofisi ya kanisa. Ajenda ilikuwa semina ya viongozi, na mada yake ilikuwa uongozi unaozaa matunda. Mnenaji mkuu angekuwa mwenyekiti. Alikuwa amenyoa vizuri, shati jeupe, mfuko wake wa kazi ameulaza chini ya kiti.

"Kuna mwenye neno na mwenzake?"

"Sina neno," akasema mchungaji.

"Sina," akasema mwalimu, macho kwenye kalamu.

"Sina neno," fundi cherehani akanong'ona.

"Mimi ninalo," akasema Cheche. "Ninalo na wewe. Umemvunja dada yangu mkono, na leo unataka kuja kummalizia. Hufungui kikao hiki."

Mchungaji akakohoa.

"Wapendwa, hayo si mngeyazungumza kifamilia, halafu sisi tuendelee..."

"Tuendelee," akasema mwenye bucha, akitabasamu. "Shemeji, ya ndani yabaki ndani. Mwanamke ni kama kisu, asiponolewa hakati. Wewe wa kwako huwezi kumnoa, ndiyo maana anakucheka."

Cheche akainuka. Lakini mwenye bucha alikuwa mwepesi. Alinyanyua kiti cha chuma, kazi ya Cheche mwenyewe, akamshushia nacho usoni. Ngozi ya paji ikachanika, damu ikamwagika juu ya meza, juu ya Biblia, juu ya mikono ya mwalimu. Cheche hakuanguka. Alikwenda mbele huku hata hamwoni vizuri, akamdaka koo, akambandika ukutani. Miguu ikaning'inia, visigino vikapiga ukuta. Furaha ya zamani ikampanda mwilini, tamu kama maji kwa mwenye kiu. Akakaza. Macho ya shemeji yake yakaanza kutoka.

Fundi cherehani akaurukia ule mkono, akauning'inia kama nguo kwenye kamba.

"Mwachie! Mwachie, mwanangu! Nami nina neno naye. Ukimuua nitamwambia nani?"

Vidole vikalegea. Mwenye bucha akaporomoka sakafuni, akitweta.

"Nilisema sina. Nilidanganya," akasema fundi, pumzi juu juu, akimtazama mwenye bucha. "Mkeo alikuja kwangu wakati wa joto, akataka mikono ya gauni ifike viganjani. Nilipompima bega akalia. Nikamtania, 'Mama, unaficha dhahabu?' Nikamshonea. Kila mwaka nikamshonea. Kipigo chako nimekivika nguo mimi."

"Nami ninalo," mwalimu akasema, akijifuta damu isiyo yake. "Nilimkuta nyuma ya kanisa anaosha pua. Nikampa leso, nikaingia humu, nikasema sina neno."

Wakamtazama mchungaji. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya kijivu.

"Mnalo nyote na mimi," akasema. "Alikuja kwangu, nikamrudisha kwake."

Mwenye bucha hakungoja sala. Alivuta mfuko wake, akachomoa kisu cha kuchunia. "Namfuata mke wangu sasa hivi. Anizuie mwanamume."

Aliyekuwa karibu na mlango ni mchungaji, na mchungaji akasimama mlangoni. Kisu kikapita kiganjani mwake, kikafungua nyama mpaka weupe ukaonekana. Akapiga yowe, lakini miguu yake haikuhama. Hapo ndipo wote wakamvamia mwenyekiti wao. Cheche akaukanyaga mkono wenye kisu. Mwalimu akamkalia miguu. Fundi akajaribu kumfunga kwa futi kamba yake, ikakatika.

"Mshipi, jamani! Hii ni ya kupimia, si ya kufungia majambazi."

Askari walipofika, walimkuta katibu amemkalia mwenyekiti, wakakosa kujua wamkamate nani.

Kesho yake mchungaji alisimama mbele ya kanisa, kiganja kimefungwa. Hakuhubiri. "Mlitusifu kwa umoja," akasema. "Hata wezi wana umoja. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na sisi tumeumbuliwa na kilio cha mwenzetu." Akawataja wazee mmoja mmoja, akaanza na yeye mwenyewe. Nusu ya benchi la mbele wakaondoka. Ndugu za mwenye bucha wakavunja vioo vya madirisha kwa mawe, na jiwe moja likampata fundi sikioni. Mwenye bucha akafungwa. Kaka yake akaja kumwomba dada wa Cheche asamehe, kwa kuwa ndiyo Ukristo.

"Nitasamehe mkono ukipona," dada akamjibu. "Na daktari anasema hautanyooka."

Sadaka zilipungua, semina ikafutwa. Lakini haukupita muda, mwanamke mmoja alimsimamisha mwalimu njiani, akamwambia kwamba jirani yake hufungiwa ndani kwa kufuli kila mume akienda kazini, na usiku humsikia akipigwa. Zamani mwalimu angeomba kimyakimya. Safari hii aliwaita wenzake.

Walikwenda wote mchana kweupe, dada naye akiwafuata, pamoja na askari mmoja aliyeburuta miguu. Cheche akakata kufuli. Mume, ameitwa na majirani, akaja mbio na panga, akitukana kanisa na mama zao. Askari akarudi nyuma hatua. Wazee hawakurudi. Walikuwa wanatetemeka, fundi zaidi ya wote, lakini walisimama wamegusana mabega, na panga likabaki juu, halijui lianze na nani.

Nyuma ya migongo yao dada alikuwa ameshaingia ndani.

"Chukua nguo tu, mwenzangu," sauti yake ikasikika. "Vyombo tutavirudia."