Jina Ambalo Redempta Hakulitaja

Redempta, mwenzetu wa Bukoba, alimtunza mzee mmoja Mfaransa hapa Dubai kwa miaka mitatu. Alimwogesha, alimlisha, alimpangia vidonge. Mzee Etienne alikuwa padri zamani. Akaacha upadri, akaoa, akaandika vitabu vya kusema jehanamu haipo, na kwao wakamtenga. Uzeeni akahamia kwa binti yake huku.

Mwaka 2014 moyo ulipoanza kumsumbua, alimwuliza Redempta, "Kwenye jumuiya yenu mnaombea wagonjwa?"

"Ndiyo, sir. Kila Ijumaa, kwa majina."

"Basi nitajeni na mimi."

Jumuiya ilikutana mtaa wa Discovery Gardens, katika chumba tulichopanga mimi Frida na wenzangu watano. Redempta alinivuta jikoni akaniuliza afanyeje. Mimi mdomo wangu hauna breki.

"We Redempta, una wazimu? Ulitaje jina lile watu walisake kwenye simu, kesho uitwe kijakazi wa mpinga Kristo? Sema 'mgonjwa mmoja'. Mungu anamjua."

Akasema hivyo, tukaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Nyumbani mzee akamwuliza kama walimtaja. "Ndiyo, sir, kwa jina." Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, yetu ilikwenda miezi saba. Redempta aliniambia uongo wa kwanza ulimnyima usingizi, ila baadaye aliuzoea. Nami nilimcheka, Mungu anisamehe.

Ijumaa moja, mchana, mlango ukagongwa katikati ya rozari. Ni binti wa mzee, anamsukuma baba yake kwenye kiti cha magurudumu. Watu ishirini tulijibana vitandani tuwapishe. Mzee akavua kofia.

"Nimekuja kuwashukuru," alisema. "Kwetu paroko alikataa kulitamka jina langu kanisani. Ninyi mmelitamka mbele za Mungu miezi saba."

Mwenyekiti wetu, Wilbard, ni mlinzi wa ghala, mtu wa adabu kweli, na hakujua lolote. Aliinuka akaupokea mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Karibu sana, baba. Na leo tutakuombea. Jina lako nani?"

Mzee alimtazama Redempta. Redempta akanitazama mimi. Nikainamia rozari yangu. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, na bado sikufungua mdomo, mimi niliyeufungua kwa haraka jikoni. Mzee alingoja mmoja wetu aseme.

Mwisho akajitaja mwenyewe, taratibu, kama mtoto anayeandikishwa shule.