Karamu Iliyotangulia Mtihani

Tarehe 9 Mei 2019, gari la Dkt. Immaculate Anyango lilikwama kwenye matope ya Ndabibi, karibu na Naivasha. Waliolisukuma wamelithibitisha hilo, kila mmoja kwa wakati wake.

Anyango alifundisha katika chuo kikuu kimoja cha Nakuru, na utafiti wake ulihusu wanafunzi wanaotoweka kabla ya kuhitimu. Wenzake waliwatumia hojaji. Yeye aliwafuata walikokwenda. Siku hiyo alimfuata Kigen, aliyebakiza sura moja tu ya tasnifu yake ya uzamivu. Anyango angestaafu Desemba, na baada yake idara haikuwa na mwingine wa kumsimamia.

Kigen mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosukuma.

"Daktari, sukuma na digrii zote!" jirani yake Ngigi alimtania. Kisha akamgeukia mgeni, mwanamke wa umri wa mamake. "Mathe, wewe ni mwanafunzi wake?"

"Bado najifunza kwake," Anyango alijibu.

Hapo ndipo alipoelewa. Kigen alipomaliza masomo ya darasani, jamaa zake walidhani safari imekwisha. Wakamchomea mbuzi huko Kikopey na kumvika cheo cha udaktari. Tangu hapo mamake akaitwa Mama Daktari, hata kanisani.

Walipobaki wawili ghalani, kati ya magunia ya viazi, Kigen alisema bila kumtazama, "Mwalimu, nikirudi chuoni, mama ataonekana mwongo."

"Sikuja kukuanika. Nataka sura ya mwisho."

"Na wakiniuliza naenda wapi?"

"Si unauza viazi Naivasha? Nenda ukauze."

Basi kila siku ya soko, viazi vikishanunuliwa, walikaa katika hoteli iliyo nyuma ya soko wakibishana juu ya sura hiyo, mpaka mwenye hoteli akaanza kufagia chini ya viti vyao. Novemba, Kigen aliitetea tasnifu yake akafaulu. Ndabibi hakuna aliyempongeza, kwa kuwa walikwisha kumpongeza.

Katika makala yake ya mwisho kabla ya kustaafu, Anyango aliandika kwamba karo si sababu pekee ya mtu kutoweka chuoni. Wapo waliofungiwa nje na sherehe yao wenyewe. Wahadhiri wawili aliowalea bado huwafuata wanafunzi hadi makwao.

Kigen ameniruhusu kuyaeleza haya. Mamake nimemhoji mara mbili, na mara zote mbili, tulipofika kwenye ile karamu ya mbuzi, aliniongezea chai. Kama alijua ukweli tangu mwanzo, sijui.