Visu Sita vya Cheche

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa panga butu, tupa na kigoda, basi. Maelezo sikupewa. Karakana ya misitu ilikuwa kibanda cha mabati nje kidogo ya mji wa Tukuyu, na mvua ilikuwa inapiga juu yake kama ilivyo kawaida yetu. Mkuu wa Karakana, mzee mfupi mwenye kikohozi, alikaa pembeni akinitazama kama mtu anayetazama mkungu wa ndizi usiokomaa. Nikanoa kwa nguvu zote za ujana. Nilipomaliza nilimpelekea panga nikisubiri sifa, maana makali yake yalikuwa yananyoa nywele za mkono.

Hata hakuyatazama. Aligeuza panga akapitisha kidole gumba kwenye mgongo, yaani ule upande wa pili usiokata. Kisha akanirudishia.

"Makali ni ya mti," alisema. "Huku ni kwa mkono wa mwenzako. Ukiacha kona hapa, mwenzako umemkata wewe, si panga."

Maana yake niliielewa baadaye. Anayepasua mianzi au kuchonga vigingi vya kitalu hukamata mpini kwa mkono mmoja na kusukuma mgongo wa kisu kwa kiganja cha mkono wa pili. Mgongo wenye kona humla kiganja kabla jua halijafika katikati. Kwa hiyo kila kisu na kila panga lililoingia karakana, jambo la kwanza ni kulisugua mgongo kwa tupa hadi uwe wa mviringo. Sisi tuliita kuua kona. Nimeua kona maisha yangu yote ya kazi, na nisiwafiche, nilijivunia sana.

Kutoka hapo nilipelekwa Kyimo, kwenye bustani ya miche, chini ya Bwana Miche mmoja aliyependa kupiga filimbi na kuchukia kuulizwa maswali. Baadaye nikahamishiwa kituo cha doria Isongole, kwenye baridi ambayo hata kahawa hupoa kabla hujanyanyua kikombe. Huko niliwajua walinzi wa msitu na shida zao. Mwishoni nikarudishwa Tukuyu, safari hii mimi ndiye nikawa Mkuu wa Karakana. Yule mzee wa kikohozi alikuwa amekwishastaafu, na kigoda chake nikakirithi.

Halafu zikaja zama za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Ninyi mliozaliwa baadaye hamwezi kujua tulivyoduwaa. Miaka yote tulikuwa na panga la aina moja na kisu cha aina moja, navyo vilikuja kwa mgao, baada ya kusubiri kibali mpaka umesahau uliomba nini. Ghafla maduka ya Makandana pale mjini yakajaa. Visu vyenye meno mgongoni kama msumeno! Visu vyenye dira kwenye kitako! Nilisimama mlangoni mwa duka la Mzee Shabani kama mtu aliyepotea njia. Mzee Shabani aliuza vyuma na vifaa. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye alizaliwa papa hapa, na alisalimia wateja wake kwa Kinyakyusa safi kuliko baadhi yetu.

Ndipo Bwana Misitu wa Wilaya aliponiita ofisini. Walinzi wa doria walikuwa wanalalamikia kiberiti. Mlima Rungwe ukikuvalisha ukungu, kila kitu mfukoni hulowa, na kiberiti kilicholowa ni vijiti vya kuchokolea meno tu. Alikuwa amesikia kwamba sasa kuna visu visivyokunjwa, vigumu, vinavyobeba moto wake vyenyewe. Alitaka sita.

"Chagua wewe," aliniambia. "Anayejua chuma hapa ni wewe. Hao watu watapanda huko juu wakiyategemea macho yako."

Mzee Shabani aliniwekea aina mbili juu ya kaunta. Cha kwanza kilikuwa kinang'aa kama sufuria ya harusi. Mpini wake ulikuwa bomba tupu lenye kifuniko cha kuzungusha, na ndani mlikuwa na njiti za kiberiti, ndoano na uzi. Nilikibana ncha kwenye ubao nikakisukuma kidogo, mpini ukalia. Nikajua chuma kinaishia shingoni. Kisu cha namna hiyo ukikipiga kwenye gogo, ubapa unabaki kwenye gogo na wewe unabaki na bomba. Cha pili kilikuwa cheusi, hakina mbwembwe. Chuma chake kilikuwa kimoja kutoka ncha hadi mwisho wa mpini, na vipande vya mpini vimepigiliwa juu yake kushoto na kulia. Kwenye ala, yaani mfuko wake, kulikuwa na kijiti cheusi kinene kama penseli.

Niliuliza moto uko wapi. Mzee Shabani aliweka juu ya kaunta nyuzi kavu za ganda la mgomba, akashika kile kijiti, akakikwaruza kwa mgongo wa kisu. Cheche nyeupe zikamwagika, nyingi, za moto kweli, na zile nyuzi zikawaka. Nilirudi nyuma nikamkanyaga mteja aliyekuwa nyuma yangu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, nimeshangazwa na kijiti.

"Kwaruza kwa mgongo, fundi," aliniambia. "Usiharibu makali yako."

Niliitikia. Nataka mkumbuke kwamba niliitikia.

Nilichukua vile vyeusi, sita, na kuhusu kuchagua sikukosea. Hata leo ningechagua hivyo hivyo. Nilivifikisha karakana, nikavitoa kwenye maboksi, nikapitisha kidole gumba mgongoni. Kona! Kona kali kiasi cha kukwangua kucha, kwenye visu vyote sita. Nikasonya. Nikasema hawa watu wa viwanda vya siku hizi wana haraka ya kuuza, kazi wanaiacha njiani. Nikakaa kwenye kigoda cha yule mzee, nikachukua tupa, nikaua kona moja baada ya nyingine. Nikamalizia kwa msasa na mafuta. Migongo ikawa laini kama shavu la mtoto. Makali nayo nikayanoa mpaka yakawa ya wembe.

Moto sikuujaribu tena. Nilikwishauona dukani. Akilini mwangu moto ulikuwa ndani ya kile kijiti, na kisu kazi yake ilikuwa kukigusa tu.

Kipupwe kilipoingia, Ambakisye na Lugano walipanda doria kutokea Isongole. Ambakisye alikuwa mlinzi mwenye miguu mirefu na maneno machache. Lugano alikuwa mwenzake wa siku zote. Siku ya pili, mchana, ukungu uliwafunika na manyunyu yakaanza. Wakivuka kijito, Ambakisye aliteleza akaingia majini mpaka kichwani, na mzigo wake wote. Lugano alimtoa, akamvua koti, akatafuta maganda ya mianzi yaliyobaki makavu chini ya gogo, akayafikicha vizuri. Kila kitu alifanya sawa. Akashika kijiti, akakwaruza kwa mgongo wa kisu.

Kisu kikateleza. Akakwaruza tena na tena, kikateleza kama sabuni. Akageuza makali. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, na makali yale niliyafanya ya wembe, yakanasa kwenye kijiti, yakaruka, yakamchana kiganja. Kijiti kikaangukia kwenye tope la mianzi, hakikuonekana tena. Wakati huo Ambakisye alikuwa ameacha kutetemeka, na Lugano alijua hiyo si dalili ya kupata nafuu. Akambeba mgongoni akashuka naye mpaka nyumba ya kwanza, kwa mama mmoja mkulima wa viazi. Yule mama alifukuza kuku jikoni, akamweka Ambakisye kando ya mafiga na kumfunika kwa kila nguo iliyokuwa ndani. Bila yeye tungezika.

Nilimwona Ambakisye kesho yake hospitalini. Alinitazama, midomo ikacheza, jina langu halikutoka. Nilitoka nje.

Lugano alikuja ofisini kiganja kimefungwa bandeji, akaweka kisu juu ya meza ya Bwana Misitu. Alisema hakina moto. Na mimi, Mungu anisamehe, ndiye niliyepaza sauti kuliko wote. Nilisema tumeuziwa takataka. Nilisema ndiyo hiyo ruksa yenu. Bwana Misitu akaagiza Mzee Shabani aitwe, akasema visu vyote sita vitarudishwa dukani mchana kweupe, na mji mzima utaambiwa kwa nini. Kwa mwenye duka katika mji mdogo kama wetu, hilo ni sawa na kufungiwa mlango.

Mzee Shabani alikuja na kisu cha saba, kilichotoka kwenye shehena ile ile, bado kiko kwenye boksi. Hakubishana. Alikwaruza kijiti kwa mgongo wa kisu chake, cheche zikaruka juu ya meza mpaka Bwana Misitu akavuta mafaili yake. Akachukua kisu chetu, akakwaruza kijiti kile kile. Hakuna kitu. Akaweka visu viwili pamoja, akapitisha kidole gumba kwenye mgongo wa kimoja, kisha wa kingine, polepole. Mimi nilikitazama kile kidole. Nilijua kabla hajasema.

"Hiki kimepigwa tupa," alisema. "Kona ndiyo inayokwangua moto. Nani ameitoa?"

Lugano alimtazama Bwana Misitu, na Bwana Misitu alimtazama Lugano. Hakuna aliyenitazama mimi. Hapo ndipo penye jambo langu lote: hakuna hata mmoja aliyenishuku. Ningeweza kukaa kimya. Ningeweza kusema labda vilitoka kiwandani hivyo, na nani angembishia fundi? Mzee Shabani angebeba mzigo huo mpaka kaburini. Wazo hilo nililipima, sitawadanganya. Nililipima kwa muda wa kuvuta pumzi mbili.

"Mimi," nilisema. "Vyote sita."

Bwana Misitu alikaa chini, akashika kalamu, akaiweka. Nilitegemea barua ya kufukuzwa. Hiyo haikuja kamwe, ingawa onyo la maandishi lilikuja. Alichosema pale kilikuwa kifupi: niende kwa Ambakisye kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Nikamwomba radhi Mzee Shabani mbele yao. Aliitikia kwa kichwa, akakiacha kisu chake cha saba juu ya meza, akasema hicho ni cha Ambakisye, akatoka.

Ambakisye sasa alikuwa anaweza kukaa kitandani, lakini mapafu yake yalikuwa yanakoroma. Nilimweleza yote nimesimama, kofia mkononi. Nilisema nilifikiri naulinda mkono wake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Lugano alinibeba, mimi nimeshika kisu, mgongo wake laini kiganjani," alisema, akiniita baba kwa Kinyakyusa. "Njia nzima, Tata. Nilikuwa najiambia, angalau huyu fundi ametuhurumia mikono." Akapumzika kidogo. "Ndaga, asante kwa kuja kuniambia."

Heri angenitukana. Miaka yote imepita na bado naduwaa nikiyakumbuka maneno hayo. Hakupanda mlima tena, mapafu yalikataa. Walimpeleka bustani ya miche Kyimo, na mlima aliokuwa anaujua kuliko ua wa nyumba yake akabaki kuutazama kwa mbali.

Nimestaafu, ninaishi Kyimo pia, shamba langu na lake tumepakana. Vijana wanaopandisha wageni mlimani huniletea visu vyao niwachagulie. Nawaambia chuma kiwe kimoja mpaka mwisho wa mpini, na mpini wa bomba wauache dukani. Kijiti kifungwe kwa kamba kwenye ala, kisianguke. Na kabla ya kupanda, wawashe moto kwa kisu hicho hicho, kwa mikono iliyolowa, mbele ya macho yao wenyewe. Dukani haihesabiki.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea kipya. Nikapitisha kidole gumba mgongoni, kona ikanikwaruza. Mkono wangu wa kulia ukaanza kupapasa chini ya kigoda, unatafuta tupa. Sikuutuma. Ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote hiyo. Nikautazama kwa mshangao kama mkono wa mtu mwingine. Ng'ambo ya migomba Ambakisye alikohoa, kile kikohozi chake cha kipupwe. Nikakunja vidole, nikamrudishia kijana kisu chake kama kilivyokuja.