Betri Sita kwa Shangazi

Katika kundi letu la baiskeli za umeme, mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa chaji. Cheo hicho sikupewa, nilikinyakua. Sisi ni wanawake sita wa Kikwajuni, wote tuna wajukuu, na magoti yetu yalistaafu kabla yetu. Ndiyo maana tukanunua baiskeli zenye betri. Lakini betri ni kama mtoto mchanga, usipoilisha kwa wakati itakuaibisha njiani.

Safari yetu ya kwanza ya siku tatu niliipanga katika daftari. Tutoke mjini baada ya sala ya alfajiri, adhuhuri tuwe Mkokotoni kwa shangazi yangu, tuchaji mpaka alasiri, kisha tukakate kisiwa kwenda kulala Matemwe, ambako mwenyeji wetu alishatuahidi pweza wa nazi. Siku ya tatu tumalizie Fumba. Niliwaapia wenzangu kwamba hakuna atakayesukuma baiskeli hata hatua moja. Mmoja wao, jirani yangu mwenye duka la dawa, alicheka, akasema siku nikikosea daftari linakuwa lake.

Shangazi huyo ndiye aliyenilea. Nilikuwa sijamwona tangu Idi, na Idi yenyewe nilikaa nusu saa. Nikaona hapa nitamaliza mambo mawili kwa mkupuo mmoja: nimsalimu, nichaji.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo mnakaa?"

"Mpaka betri zijae. Zikijaa tu, tunaondoka."

Nilimjibu huku nimeshainama natafuta soketi. Chumbani kwake ilikuwapo moja nzuri, pembeni mwa kitanda. Nikachomeka waya wa ekstensheni, nikazipanga betri juu ya mkeka, kila moja na chaja yake. Taa sita nyekundu zikawaka. Zikijaa hugeuka kijani.

"Nendeni mkasali, mkale," shangazi alisema, akajikalia kitandani. "Ntazilinda mimi."

Alikuwa ameshapika tangu asubuhi: wali wa nazi, changu wa kupaka, achari ya ndimu. Tulikula mpaka tukalegea. Kila baada ya muda nilimwita kutoka ukumbini.

"Shangazi!"

"Naam!"

"Zinaendaje?"

"Zimetulia!"

Mimi nikaona mambo yangu mazuri, nikaongeza samaki.

Alasiri niliingia chumbani kifua mbele. Hakuna taa hata moja iliyokuwa inawaka. Nikabonyeza kitufe cha kila betri kutazama chaji: zote zilikuwa vile vile tulivyofika nazo, hoi. Hapo nikapandwa na hasira zangu. Nikasema umeme umekatika, lakini friji ya ukumbini ilikuwa inanguruma. Nikaulaumu waya, nikamlaumu aliyeniuzia waya, nikamlaumu na jirani yangu kwa kuwa ndiye aliyeubeba waya wenyewe. Yeye alinyoosha mkono tu, anadai daftari.

Ndipo nilipoiona kanga ya shangazi imetundikwa msumarini, imeifunika soketi. Nikaifunua. Swichi ilikuwa imezimwa.

"Nani kazima?"

"Mimi," shangazi akasema.

"Saa ngapi?"

"Ulipotoka tu."

"Kwa nini, shangazi?"

"Si umesema zikijaa mnaondoka?"

Alisema bila haya, kama mtu anayeeleza kwa nini kaepua sufuria. Wenzangu walicheka wakashika mbavu. Mimi sikuweza kucheka. Niliona aibu ya kweli. Mtu aliyenibeba mgongoni alikuwa amelazimika kuniibia mchana mmoja kwa swichi ya ukutani, na mimi mchana wote nilikuwa naulizia betri.

Nikapiga simu Matemwe, pweza akaahirishwa. Tulilala sote pale pale, kwenye mikeka. Shangazi alinikalisha karibu yake, akanisimulia habari za ukoo mzima, waliooa, walioacha na waliogombana. Alipotosheka, aliiwasha swichi kwa mkono wake mwenyewe. Asubuhi taa zote sita zilikuwa kijani. Daftari mpaka leo liko kwa jirani yangu, ndiye anayepanga safari, na mwandiko wake hausomeki.

Mwezi uliofuata nilikwenda Mkokotoni kwa gari, peke yangu, na mkoba wa nguo. Shangazi alisimama mlangoni, akachungulia nyuma yangu.

"Ziko wapi?"

"Sikuja nazo."

"Ala! Sasa leo ntazima nini?"

"Usizime kitu. Nnalala mpaka Ijumaa."

Akaupokea mkoba, akaenda jikoni kuongeza mchele.